Nyasi za Kibet

Shambani, chini ya Dundori,
Nakuru

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, na mjomba anayekusomea barua hii apokee zake. Goti lako limepungua maumivu? Yule ndama mwekundu ameacha kunyonya? Sisi tuko hai, ila midomo imepasuka kwa kiangazi, na mioyo unajua ilivyo. Niambie pia kama nyasi za nyuma ya zizi bado ni ndefu. Nitakueleza kwa nini nauliza.

Mjomba, kabla hujaendelea, mpe Mama maji ya kunywa, kisha umsomee polepole.

Mama, najua habari ya Kibet ilikufikia kwa mdomo wa dereva wa lori la viazi. Alikwambia mwanao alikufa kwa sababu aliokota jiwe kwenye maji. Nimesikia wazee wa huko wamenyamaza, na marika yake hawakuja kukupa pole, kwa kuwa anayeanzisha vita kwenye maji ya watu wote haliliwi. Mimi nilikuwepo. Nakuandikia nilichokiona.

Mwaka huu mvua ilitukataa. Visima vya shamba vilikauka, mto ukabaki mchanga, na maji yakawa mahali pamoja tu: tangi lililo karibu na reli, na birika lake refu la saruji la kunyweshea ng'ombe. Tuliyatumia sisi maskwota, vibarua tunaoishi shambani, na wafugaji wa ng'ambo ya reli nao waliyatumia. Mwanzoni tulipeana zamu. Kisha ng'ombe wakaanza kuibwa. Mlinzi wetu alikutwa amekatwa panga usoni, jicho likining'inia shavuni. Vijana wetu nao wakavuka reli wakachoma boma, na mama mmoja akaungua akitoa ndama wake. Sitaki ufikiri sisi tulikuwa malaika.

Asubuhi ile sisi wanawake tulikuwa tumepanga madebe yetu. Kibet alileta ng'ombe wa shamba, akipiga ule mluzi aliofundishwa na marehemu Baba, unaopanda mwishoni kama swali. Watu wa ng'ambo walikuwa wametangulia, na hawakutaka kuondoka.

"Zamu yenu imekwisha," mume wangu Kiplagat akawaambia.

"Zamu? Kwani maji yenu yamesoma shule?"

"Ondoa hao ng'ombe, au nitawaondoa mimi!"

"Rudi kwenu ukanywe umande!"

Mama, hata sisi tulicheka. Kicheko hakijaisha, rungu likashuka. Nilisikia fupa la kichwa cha mtu likilia kama kibuyu kinachovunjika. Mzee wetu mmoja alipigwa mshale shingoni, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, akafa akiwa amekaa. Ng'ombe walikatwa mishipa ya miguu, wakawa wanajiburuta kwa magoti kuelekea birikani, bado wanataka kunywa. Maji yakawa mekundu. Kiplagat alimvunja mtu mkono, nikamwona.

Ndipo Kibet akaingia katikati, mikono mitupu. Wewe ndiwe uliyetufundisha: ukitaka kuzuia damu, ng'oa nyasi, uinue juu watu wote waone. Wale wa ng'ambo ya reli nao wanaishika mila hiyo. Aliyeinua nyasi hapigwi. Mwanao aliinama kutafuta nyasi, na nyasi hazikuwepo. Ng'ombe walikuwa wamezilamba mpaka mizizi. Akasogea, akainama tena, akawa anakwangua ardhi kwa vidole huku akiita kwa lugha yetu, "Nyasi! Nipeni nyasi!"

Askari walikuwa wamefika. Mmoja wao alikuwa kijana mgeni, ametoka mbali, lugha yetu haijui wala mila yetu haijui. Akamwelekezea Kibet bunduki. "Wacha hilo jiwe!" akapiga kelele. "Wacha!"

Kibet hakuinua kichwa. Risasi ilimpiga chini ya kwapa.

Nilitupa debe nikamkimbilia. Damu ilimtoka mdomoni na povu, kama maziwa yanapokamuliwa kwa nguvu. Aliniuliza, "Ng'ombe wamekunywa?" Nikamwambia wamekunywa. Hawakuwa wamekunywa. Alipokufa nilifungua ngumi yake. Mlikuwa na udongo na mzizi mmoja mkavu.

Lakini serikali ilitangaza kwamba fujo ililetwa na mtu aliyeokota jiwe. Tangi likafungwa kwa mnyororo, mpaka tujifunze amani. Badala ya amani, watu walichimba mashimo mtoni wakapigania tope. Kijana mmoja alikandamizwa uso kwenye tope hilo mpaka akaacha kupiga miguu. Watoto wakaanza kuhara damu. Mtoto wa jirani yangu tulimzika.

Hapo ndipo alipokuja mjumbe wetu, yule Mwafrika aliyeingia juzi kwenye Baraza la Kutunga Sheria huko Nairobi. Zamani alikuwa mwalimu, na bado anasimama kama mtu aliye mbele ya ubao. Alikaa jikoni kwangu, akakataa chai kwa sababu aliona kiasi cha maji kilichokuwamo mtungini.

"Nimeomba maji na ulinzi kule Nairobi," alisema. "Wananijibu, watu wako waache kwanza kupigana, ndipo tuzungumze habari ya maji. Kesho Bwana DC atakuwa na baraza hapa. Nani aliona kijana akiinama?"

Wanaume walitazama chini. Atakayesema aliona amesema alikuwepo, na aliyekuwepo na rungu atafungwa.

"Niliona mimi," nikasema. Kisha nikamtazama Kiplagat, maana wangeniuliza na yeye alifanya nini. Alisogeza kuni motoni.

"Sema," akaniambia. "Kibet alikuwa akiniamulia mimi."

Barazani Bwana DC alinikazia macho. "Wewe mama iko hapo? Wewe naona jiwe?"

"Hakuna jiwe, Bwana. Alikuwa akitafuta nyasi, azuie vita."

"Nyasi? Nyasi nazuia vita namna gani?"

Watu wakanung'unika. Mjumbe akasimama. "Bwana DC, ninaomba kitu kimoja. Ng'oa jani moja la nyasi hapo ulipo. Ukilipata, nitakaa chini wala sitauliza tena habari ya maji."

Bwana DC akatazama kando ya viatu vyake. Akazunguka kiti. Akainama kidogo. Mzee mmoja wa ng'ambo ya reli akapaza sauti toka nyuma:

"Angalia, Bwana, usipigwe risasi!"

Watu walicheka, Mama, pande zote mbili, halafu kicheko kikakatika kwa pamoja. Bwana DC akainuka, uso mwekundu, mkono mtupu.

Mnyororo umefunguliwa. Wametamka mbele ya watu kwamba hakukuwa na jiwe. Askari wapya wameletwa kwa lori, wanalala katika mahema kando ya tangi. Mashine ya kuchimba visima haijaletwa, na mjumbe amerudi Nairobi kuendelea kuidai. Kiplagat aliulizwa, hakukana. Yuko jela ya Nakuru, anapasua mawe. Huyo aliyevunjwa mkono bado hawezi kukamua.

Siku ya kufungua tangi, yule mzee aliyepaza sauti alivuka reli peke yake. Alikuwa amepanda mpaka juu Dundori, kwenye ubaridi, akarudi na nyasi mbichi zilizofungwa kwa ganda la mti. Akanipa mimi, kwa mikono miwili. Nikaziinua juu wote wakaona, na ng'ombe wa pande mbili wakanywa pamoja. Yule ng'ombe wa pembe moja, ambaye Kibet alikuwa akimwita Bibi Harusi, alinyoosha shingo akazila mkononi mwangu. Sikumfukuza.

Mama, nisalimie dada mkubwa na watoto wake, shangazi mfinyanzi, na mwalimu wa kanisa aliyenifundisha kuandika. Marika ya Kibet usiwasalimie. Waite waketi, mjomba awasomee, kisha waonyeshe nilichofunga kwenye kitambaa ndani ya barua hii. Ni ule mzizi. Uzike nyuma ya zizi, penye nyasi ndefu.

Mimi binti yako anayekukumbuka kila ninapochota maji,
Cherono