Mtoto Alipumzika

Jumanne, Novemba 1995

Kosa lilikuwa langu, si la Maman Veronika.

Hawa wahudumu wa afya, wa kabila la Batwa kutoka Kivu, wamekuja hapa mtaani kwetu Saint-Gilles kujifunza kuandika ripoti za wagonjwa kwa kompyuta. Mimi huwatafsiria kwa Kifaransa nikitoka shule. Maman Veronika, mmoja wao, huandika kwa kidole kimoja, na kila akiipata herufi anaigombeza: "Ulikuwa unajificha wapi, weye?"

Leo alinipa sentensi yake ya mwisho: "Saa kumi, mutoto alipumuzika." Nikamwonyesha herufi za kubonyeza: l'enfant s'est reposé, mtoto alijipumzisha.

Mwalimu wa kompyuta akasoma, akafurahi. "Bon, basi mtoto alipona!" Nikatafsiri na hilo.

Maman Veronika akanitazama. "Alipona namna gani? Mutoto tulimuzika, mwana yangu."

Hata nyumbani mama husema babu amepumzika. Neno hilo nalijua, na bado... Mwalimu alikuwa ameshainuka kwenda kuchapa ripoti, na mimi hata darasani kwangu siinui mkono.

"Monsieur, non," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikamweleza kwamba nimekosea, mtoto alikufa.

Hakuna aliyenigombeza. Labda kugombezwa kungekuwa afadhali.

Tulifuta, tukaandika upya: décédé, amefariki. Ile é imo mara tatu. Maman Veronika aliitafuta mara zote tatu kwa kidole chake, na safari hii hakuiambia neno.