Kisima cha Baba na Mashine ya Upepo

Marsabit,
Jumatatu

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai uvimbe wa miguu umepungua, na wote hapo Bofu mu wazima. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inayoumwa. Barua uliyomwandikisha dada Mwanamisi imenifika juzi, na lile neno lako, "Bakari, kisima kimeingia chumvi, hata chai hainyweki," nimelisoma mpaka karatasi imelegea.

Mama, kosa ni langu. Huku ninakozitengeneza hizi mashine za upepo za kuvutia maji kisimani, maji yako chini sana na bahari iko mbali. Tunaziacha zizunguke usiku na mchana, ngamia wanywe. Hazili dizeli wala hazitoi moshi. Nikaona, mbona nyumbani mwateka kwa ndoo na kamba mpaka viganja vinachubuka? Ndipo nikawaletea ile mashine yenu, tukakata minazi minne ili ipate upepo.

Na ilifaa, siwezi kukana. Miaka mitatu mlipumzisha migongo, na msikiti ukapata maji ya kutawadhia bila mtu kushika kamba. Umri wote wa mashine niliupigia hesabu: mafuta ya gia, mipira ya pampu, kutu ya upepo wa bahari. Kisima sikukitia hesabuni.

Jana fundi wetu mkubwa kanieleza kwamba huko kwetu maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari. Ukiyavuta bila kupumzika, yale ya chini hupanda. Nikamkumbuka baba, alivyokuwa akikifunika kisima kila baada ya alasiri, majirani wakimwita bahili. "Kisima nacho chataka kulala," akiwajibu. Mimi msomi nikicheka. Hata tangi lilipofurika niliwaambia liacheni, upepo ni wa bure. Najionea haya, mama.

Mwanamisi avute breki ya mashine leo hii, aifunge kwa mnyororo. Fundi asema huenda maji yakarudi baada ya masika kadhaa, na huenda yasirudi. Sitaki kukudanganya.

Nisalimie mjomba Omari na watoto wa Mwanamisi. Imamu naye msalimie, na umweleze ukweli kabla hajauliza.

Wewe nakuomba radhi kwa barua hii. Lakini kile kisima baba alikichimba kiwe sadaka yake, kila anywaye thawabu imfikie kaburini. Yeye nimwandikie wapi?

Mwanao,
Bakari