Kupenya Kidogo Kidogo

Jumatatu, 3 Oktoba 1983

Bwana Idarusi, mkubwa wangu wa kazi, kanirudishia barua. Neno moja la Kiingereza nimelikosea — infiltration. Miaka sita nataipu hapa ofisi ya wilaya, Tanga, sijapata kuliona. Nikamwuliza maana yake. Wewe taipu tu, kasema. Basi nimetaipu upya, nakala tatu. Kaboni yenyewe imechakaa, ya chini haisomeki!

Jumanne, 4 Oktoba

Nimepita kwa mzee Shamsuddin. Dukani kumebaki viberiti na majani ya chai, lakini kamusi anayo. Nikamwamkia, nikampa neno kwenye kikaratasi. Akavaa miwani. Kupenya kidogo kidogo, kasema, kama maji yanavyopita kwenye nguo. Asili yake Kilatini: kitambaa cha sufu iliyogandamizwa, cha kuchujia. Nikafurahi — neno zuri! Akashuka mstari mmoja. Tena ni la vita, kasema: askari wanaopenya mmoja mmoja mpaka wawe nyuma yako.

Akafunga kamusi. "Nani kaandika hili, binti?"

Nikasema nimelikuta gazetini.

Barua inasema watu wa visiwani wanapenya Makorora, mtaani kwetu. Mimi mzaliwa wa Wete, Pemba.

Ijumaa, 7 Oktoba

Imekuja orodha ya kuambatanisha na ile barua. Majina thelathini na mawili, yameandikwa kwa mkono. Wasio na kazi wala kitambulisho — watakusanywa, wapelekwe mashamba ya mkonge. Namba kumi na saba: Hafidh Sheha, Mpemba, muuza sabuni, anaishi kwa dada yake.

Mdogo wangu! Kaja mwezi wa saba, njaa imemtoa Pemba. Nchi si moja? Kapenya wapi?

Nikataipu mpaka wa kumi na sita. Nikamruka. Wa kumi na nane nikampa namba yake.

Jumamosi, 8 Oktoba

Bwana Idarusi kahesabu kwa ncha ya kalamu. Thelathini na mmoja. Hakukasirika — afadhali angekasirika.

"Umeruka mmoja, Salme. Jumatatu asubuhi niletee kamili."

Hakusema nani. Anajua. Idi iliyopita kala pilau kwangu, na Hafidh ndiye aliyemnawisha mikono.

Jumapili, 9 Oktoba

Nimemwambia Hafidh. Alikuwa anashona kandambili yake. Nikamwomba aende Maramba kwa mjomba, leo hii. Kaweka sindano chini.

"Nikikimbia watakuuliza wewe. Na kazi yako?"

"Achana na kazi yangu!"

"Mama kule Pemba anakula kwa kazi yako, dada."

Hata hivyo kafunga nguo zake kwenye kikoi. Baada ya alasiri kazifungua tena, kazitundika msumarini.

Sasa kakaa kizingitini, ananitazama nikiandika. Anadhani hii ndiyo orodha.

"Jina langu uliandike sawasawa," kasema. "Wasije wakamchukua mtu mwingine."

Naendelea kuandika, na kesho ni Jumatatu. Bado ananitazama.