Aliyepima Maji ya Makongeni

Mama,

Nimekasirika na ninaandika haraka, kwa hivyo leo usinisahihishe mwandiko.

Jumamosi wamefungua maabara mpya hapa zahanati ya mtaa. Wameipa jina la bosi wako, yule daktari. Kibao cha ukutani kinasema yeye ndiye aliyegundua kilichokuwa kikiwaharisha watoto wa Makongeni. Yeye! Mtu aliyekuwa akifika kwenye mfereji wetu wa kuchotea maji anapandisha suruali isiguse tope.

Mimi nilikuwepo. Nilikubebea kiondo cha chupa za kupimia maji. Tulienda mfereji kwa mfereji, unaacha maji yatiririke kwa muda wa ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, ndipo unakinga. Kila nyumba uliuliza mtoto anaharisha tangu lini, na maji wanachota wapi. Siku moja ukafunga daftari ukaniambia, "Wagonjwa wote wanachota mfereji mmoja." Wakachimba, wakakuta bomba la maji limepasuka kando ya bomba la choo. Ulikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa maabara ya hospitali, na bado walikutuma uwaletee chai. Daktari akasoma ripoti yako mbele ya wakubwa kana kwamba ni yake.

Basi jana nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, nimejaa hasira, nikamwambia wabadilishe hilo jina. Hakubishana nami. Alifungua droo, akatoa ratiba ya mazishi yako, akaweka kidole kwenye wasifu: "Marehemu alikuwa msaidizi hospitalini." Akauliza nani aliandika.

Niliandika mimi, Mama. Karatasi ilikuwa imejaa na mashemeji wote walitaka majina yao yatokee, si unawajua watu wetu. Nikapunguza maelezo yako. Shemeji hata mmoja hakukosa. Nilitoka pale bila kuaga, na mpaka sasa sijui nimkasirikie nani kwanza.

Nisamehe. Madaftari yako ninayo yote, na namba za nyumba ziko humo. Kina mama wawili uliowapimia maji wamekubali kwenda nami kwa kamati. Lakini kabla ya hapo, Jumapili nitasimama pale pale kanisani nilipousoma ule wasifu, niusome upya, mwenyekiti na mashemeji wakisikia.

Pumzika, Mama. Nakuahidi sitaanza na daktari. Nitaanza kwa kuwaambia kwamba mimi, binti yako, ndiye niliyekufuta.