Wewe Ukirudi, Nami Nitasema

Tassia, 5 Juni 2025

Hikma mwanangu,

Assalamu alaikum. Sijambo, na huyu wa tumboni anacheza sana. Kifua chako kimepona?

Haya usimsomee mtu. Kliniki ya wajawazito walinipima mlango wa kizazi, wakaona chembe zilizobadilika. Hawajui kama ni saratani; wakataka nirudi, waangalie vizuri kwa kifaa maalum. Nikarudi. Chumbani daktari nani? Zaki! Yule niliyemfundisha alifu madrasa, nikimfinya akilala. "Shikamoo ustadha, panda kitandani." Nilivaa viatu nikatoka.

Siendi tena. Babako nimemwambia niko salama.

Mamako


Shuleni, 12 Juni

Mama mpenzi,

Waalaikum salaam. Kifua kimepona, alhamdulillahi. Barua yako niliisomea chooni. Bweni lina macho.

Nimetafuta maktabani. Mjamzito huweza kuangaliwa bila mtoto kudhurika. Ikiwa si saratani, matibabu kwa kawaida hungoja ajifungue. Lakini bila kuangaliwa, nani atajua?

Mama, nami nina aibu. Muhula uliopita nilikwambia usije kwa sababu ya mtihani. Uongo. Niliogopa wenzangu waone tumbo lako, waseme, "Hikma, kumbe wazee wako bado wako kazini!"

Basi tupatane. Wewe ukirudi kliniki, mimi siku ya wageni, Jumapili ya 29, nitakushika mkono mbele yao wote niseme, "Huyu mama yangu, na ana mimba." Omba daktari mwanamke. Kuomba si dhambi.

Binti yako


Shuleni, 21 Juni

Mama,

Hujambo? Hujanijibu. Nafungua vitabu, sioni maandishi. Usipotaka kuja, usije. Lakini nenda.

Binti yako


Tassia, 26 Juni

Hikma wangu,

Salamu tele, nisamehe kwa kimya. Nilikuwa nabishana na viatu vyangu.

Babako nimemwambia kweli. Akasema, "Vaa, twende." Zaki aliponiona alitazama sakafu. "Ustadha, tangu siku ile sina raha." Akamwita Daktari Kamene, mwanamke mwenzangu, akatoka, akafunga mlango mwenyewe. Kumbe kijana naye alikuwa na haya zake!

Kamene ameangalia: haoni saratani. Ataniangalia tena kabla sijajifungua, na tiba baada ya mtoto, inshallah.

Jumapili nakuja. Lile buibui pana la kufichia tumbo nimeliacha kabatini. Tumbo litatangulia getini. Wewe tayarisha sauti.

Mamako