Kiuno cha Fundi

Mdogo wangu Mbishi,

Huku tu wazima. Shemeji yako anakusalimu, na cherehani mpya haikati uzi hata kidogo.

Sasa ucheke. Juzi daktari kanipima, kakuta sukari iko juu. Akaniuliza, “Fundi, hukuona suruali zinabana?” Nikamwambia hazijawahi kubana. Shemeji yako akadakia: “Zitabanaje, daktari? Kila mwezi anazifumua kiunoni na kuziongeza!” Kweli bwana, na lawama zote nilikuwa nakitupia kitambaa. Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Kumbe ni zile sindano ninazochomwa tangu mwaka jana. Zinazuia saratani ya tezi dume isikue, lakini zinaleta tumbo na sukari. Sindano siachi. Natembea kila asubuhi, na chai nakunywa bila sukari, huku nimenuna.

Ndiyo, tezi dume. Nilikuficha kwa sababu ungeacha kazi uje. Baba naye aliondoka na ugonjwa huohuo, sisi tukasema ni uzee.

Suruali uliyoniagiza iko tayari, ila kiuno nimekiacha wazi. Nitakishona siku utakaponiletea majibu ya vipimo vyako vya tezi dume.

Kaka yako,
Fundi