Mboga Yenye Pembe

Shikamoo Bibi,

Handeni jua kali, na mimi mpishi wa kambi ya uwindaji nimechekwa. Jana mzungu mmoja kafika akaniambia, "Nimeuza gari langu, nimelipia mboga. Kubwa! Yenye pembe!" Nikajua ni bamia, si ndizo zilizochongoka kama pembe? Nikampikia mlenda wa bamia, bakuli zima. Akainua kijiko, mlenda ukamfuata mpaka kidevuni. Mfuata nyayo wetu akaanguka kwa kicheko: "We Salimu, anataka mbogo, nyati wa kuwinda!" Mzungu akamaliza, akaomba tena.

Bibi, nisamehe kwa mlenda wako niliokuwa nawamwagia kuku. Kumbe wenzetu wanauuzia gari. Baridi ya huko milimani Bungu isikuguse magoti mpaka nije kulamba bakuli.

Mjukuu wako,
Salimu